Mizani ya Damu ya Watoto Wetu



Himidi zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Wasomaji wa jarida letu wamenizoea kwa maswali ya twahara, ya ndoa na ya mirathi. Wiki hii naomba ruhusa yenu niandike juu ya karatasi moja ya maabara iliyoingia nyumbani kwangu hapa Machakos, ikatunyima usingizi kwa wiki tatu, na mwishowe ikanirudisha kwenye kosa nililolifanya miaka mingi iliyopita kwa ulimi wangu mwenyewe. Naliandika kosa hilo kwa sababu nililifanya nikiwa nimevaa kilemba, na watu walinifuata kwa ajili ya kilemba hicho.

Mjukuu wangu alikuwa na umri wa miezi kumi na minne. Alipata mafua na homa ndogo, mama yake akampeleka katika zahanati moja ya hapa mjini. Homa ilikwisha kwa siku mbili, lakini damu ilikuwa imekwisha kutolewa, na majibu yakaja. Baada ya swala ya Isha mwanangu alinijia barazani, akaniwekea karatasi mapajani bila ya kusema neno. Ilikuwa na safu tatu: jina la kipimo, hesabu ya mtoto, na mipaka ya kawaida. Pembeni mwa mistari kadhaa palikuwa na herufi za Kiingereza, H kwa iliyozidi na L kwa iliyopungua. Mstari mmoja ulikuwa umezungushiwa wino mwekundu. Ulihusu chembe nyeupe ziitwazo neutrofili, ambazo ni askari wa mwili dhidi ya vijidudu. Hesabu ya mtoto ilikuwa 1,100 katika mikrolita moja ya damu, na karatasi ilisema isipungue 1,500.

“Wamesemaje?” nikamuuliza.

“Wamesema askari wa mwili wake ni wachache, baba. Wamesema huenda ni ugonjwa wa damu. Wametaja saratani.”

Mama zangu na dada zangu, mnaijua nyumba inayotajiwa neno hilo. Mkaza mwanangu aliacha kula. Mke wangu alitaka mtoto anyweshwe kombe, na mimi mwenyewe nilimsomea usiku na mchana, jambo ambalo sijutii, kwa kuwa dua haina wakati mbaya. Jirani akanong'ona habari za jicho. Damu ikatolewa mara ya pili, ikaja 1,200; ikatolewa mara ya tatu, ikaja 1,000. Na muda wote huo mtoto alikuwa akitambaa ukumbini, akila uji wake na kuvuta ndevu zangu, asijue kwamba karatasi imemhukumu.

Tulipelekwa Nairobi kwa daktari bingwa wa watoto, mama mtu mzima mwenye maneno machache. Alimpima mtoto kichwa hadi miguu, akamtazama kinywani kama ana vidonda, akauliza kama amewahi kupata majipu au nimonia, akautazama mstari wa uzito katika kitabu chake cha kliniki. Kisha akaweka kidole chake juu ya safu ya tatu ya karatasi ile, safu ambayo sisi sote hatukuitazama kwa kuwa tuliidhani ni sheria iliyoteremshwa.

“Sheikh,” akaniambia, “hesabu hizi za kulia zilitoka kwa watoto gani?”

Sikuwa na jibu. Ndipo aliponisomesha.

Alinieleza kwamba mipaka ya kawaida haitoki vitabuni tu. Hutafutwa kwa watu. Maabara huchagua watu wazima wa afya, wasiopungua 120 katika kila kundi kwa mujibu wa kanuni za kimataifa, huwapima, huzipanga hesabu zao kutoka ndogo hadi kubwa, kisha hukata mbili na nusu kwa mia za chini kabisa na mbili na nusu kwa mia za juu kabisa. Tisini na tano kwa mia za katikati ndizo huitwa kawaida. Kwa hiyo katika kila watu ishirini wenye afya kamili, mmoja atakuwa nje ya mipaka, naye hana ugonjwa wowote. Na mtoto akipimwa vipimo ishirini visivyotegemeana kwa siku moja, basi katika watoto mia walio wazima, takriban 64 watarudi nyumbani na alama moja au zaidi ya H au L. Alama hiyo ni mwito wa kumtazama mtoto. Hukumu ni jambo jingine.

Mtoto naye hana hali moja. Mtoto mchanga huzaliwa na damu nzito nyekundu, kisha baina ya mwezi wa pili na wa tatu hemoglobini yake hushuka sana bila ya ugonjwa, kwa kuwa mwili unabadilisha damu ya tumboni kwa damu ya duniani. Katika miaka ya mwanzo chembe nyeupe ziitwazo limfositi huwa nyingi kuliko neutrofili, na mbele zaidi mambo hugeuka. Kipimo cha fosfatasi, ambacho kwa mtu mzima kikipanda huweza kuashiria ugonjwa wa ini au wa mifupa, kwa mtoto hupanda kwa sababu mifupa yake inakua, na hupanda zaidi anapobaleghe. Kreatinini, inayotueleza habari za figo, hutegemea misuli. Hesabu iliyo njema kwa baba huenda ikawa hatari kwa mtoto wake wa miaka mitatu. Na wakifika ujanani, mvulana damu yake huongezeka kwa nguvu ya homoni za kiume, na msichana huanza kupoteza madini ya chuma kila mwezi. Ukiwapima wote kwa mizani moja, umemdhulumu mmoja wao.

Nikiwa nimekaa pale nilikumbuka darsa ya utotoni. Sote tuliosoma madrasa za pwani tulihifadhi kutoka Safinatun-Najaa kwamba muda mdogo wa hedhi ni mchana na usiku, mwingi ni siku kumi na tano, na ulio aghalabu ni siku sita au saba. Tulizikariri hesabu hizi kama wimbo, na wengi wetu hatukuuliza zilipatikanaje. Wanachuoni wa madhehebu yetu wamelieleza jambo hili waziwazi. Hapakuwa na nassi iliyoiweka mipaka hii, basi Imamu Shafi akaitafuta kwa istiqraa, yaani kwa kuchunguza na kuulizia hali za wanawake. Waliulizwa wanawake wazima, na majibu yao yakawa mizani kwa mwanamke aliyeingiwa na shaka. Kisha wanachuoni hawakuishia hapo. Mwanamke mwenye ada yake inayojulikana, damu ikimchanganyikia, mara nyingi hurudishwa kwenye ada yake mwenyewe kabla ya kutazamwa wanawake wengine. Na katika baleghe hawakutazama miaka peke yake. Walitazama pia dalili za mwili, wakamtenga mvulana na msichana katika yaliyo ya kila mmoja.

Daktari alipomaliza nilimweleza hayo. Alicheka kidogo, akasema, “Basi sheikh, hii kazi mliianza nyinyi.”

Safu ile ya tatu katika karatasi ya mjukuu wangu, kwa maelezo yake, ilitoka katika vitabu vya Ulaya na Marekani. Kwa neutrofili tofauti ni kubwa. Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara chembe zao nyekundu hazina alama iitwayo Duffy. Kukosa alama hiyo ni kinga dhidi ya aina moja ya malaria, ile ya vivax, na papo hapo huwafanya neutrofili zinazoonekana katika damu ya mkono kuwa chache. Askari wako mwilini na wanafanya kazi yao. Wachache tu ndio wanaozunguka katika mishipa ya damu wakati wa kuhesabiwa. Sisi watu wa pwani nasaba zetu zimechanganyika, na ndani ya nyumba moja ndugu mmoja huweza kuwa hivi na mwingine vile. Mjukuu wangu alikuwa hana majipu, hana vidonda, anakua, chembe zake nyingine zote ziko sawa, na hesabu yake haikubadilika mara tatu. Daktari alimpangia kurudi baada ya miezi sita, akamwambia mama yake: “Nenda ukale.”

Kisha akasema jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike. Alisema kwamba kwa umri wa mtoto yule hasa ipo mipaka iliyotafutwa hapa hapa Kenya. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa Kilifi, uliopima damu za watoto wa kuanzia wiki nne hadi miezi kumi na saba. Akautaja pia ule wa Kericho wa 2008, ule wa Kilimanjaro wa 2010 uliowapima watoto wa tangu mwezi mmoja hadi miaka 18, na ule wa magharibi mwa Kenya wa 2011 kwa vijana wa kuanzia miaka 13. Kilimanjaro na magharibi yalidhihirika yale yale: vijana na watoto wazima, wakipimwa kwa mizani ya Marekani, wengi wao wangeandikwa kuwa wana kasoro.

Aliposema Kilifi, moyo wangu ulishtuka.

Mdogo wangu wa kike ameolewa Kilifi. Miaka kadhaa kabla ya utafiti huo kuchapishwa alinipigia simu. Walikuwa wamemjia watu wa utafiti, pamoja na mzee wa kijiji, wakamweleza kwamba wanaomba kutoa damu kidogo ya mtoto wake. Mtoto hakuwa mgonjwa. Aliniuliza: “Kaka, sharia inasemaje?”

Nami sikumuuliza hata swali moja. Sikuuliza ni damu kiasi gani, wala ni ya kazi gani, wala nani ameidhinisha. Nilimwambia: “Damu ya mtoto mzima watu wataitakia nini? Usikubali.” Akakata simu. Nilisikia baadaye kwamba akina mama wengine wa pale nao walikataa, wakisema sheikh wa Machakos amekataza.

Nikijichunguza leo, sikutoa jibu la fiqhi. Nilitoa hofu ya utotoni. Sisi tuliozaliwa pwani tulilelewa na hadithi za mumiani, watu wanaonyonya damu za watoto usiku ili watengeneze dawa. Bibi zetu walizitumia kutuingiza ndani magharibi ikiingia. Tangu taasisi ya KEMRI ilipoanza utafiti wake Kilifi mwaka 1989 pamoja na Wellcome Trust ya Uingereza, uvumi wa damu umekuwa ukizuka mara kwa mara, hata taasisi ikalazimika kuwa na wawakilishi wa jamii wa kukaa na wananchi na kuwaeleza. Hofu ile ina sababu zake. Watu waliotawaliwa hawakosi sababu ya kumshuku mgeni mwenye sindano. Lakini sheikh anapoulizwa ni wajibu wake kuuliza kabla ya kujibu, na mimi niliivisha hofu yangu kanzu ya sharia.

Siwezi kudai kwamba utafiti uliomfikia dada yangu ndio ule ule uliochapishwa, kwa kuwa sikuuliza. Ninalolijua ni hili: mizani ya watoto haipatikani isipokuwa kwa watoto wazima, na kila mzazi akisema “wangu asiguswe”, mizani itaendelea kuwa ya watoto wa mbali. Huko Toronto, Kanada, mradi uitwao CALIPER umekusanya damu za maelfu ya watoto wazima, kwa sababu hata wao waligundua kwamba vitabu vyao havikuwa na mipaka iliyotimia ya watoto. Wazazi wa kule walitoa. Mimi nilikataza, kisha nikampeleka mjukuu wangu kwenda kupimwa kwa mizani waliyoichangia wengine.

Lau kisa kingeishia hapa ningekuwa nimeandika nusu yake, na nusu hiyo ingeweza kuwadhuru baadhi yenu. Mtu angesema: “Kumbe karatasi za maabara hazina maana kwetu.” Basi sikilizeni habari za binti yangu wa mwisho.

Ana miaka kumi na mitatu. Kwa muda wa miezi mingi alikuwa akisinzia darasani. Akipanda ngazi hupumzika. Mama yake alimkuta mara mbili akitafuna mchele mbichi jikoni. Mimi nilimkemea kwa uvivu, tena mbele ya wenzake katika darsa ya Jumamosi, Mwenyezi Mungu anisamehe. Alipopimwa, hemoglobini yake ilikuwa 12.2. Mpaka wa chini wa karatasi ulikuwa 12.0. Hapakuwa na herufi wala wino mwekundu. Tukaambiwa yuko sawa, nami nikazidi kumkemea.

Siku ile Nairobi tulikuwa tumekwenda naye ili amsaidie shemeji yake kumbeba mtoto. Daktari alimtazama mara mbili, akamvuta kope la chini, akauliza: “Na huyu?” Tukamwambia ameshapimwa na yuko sawa, tukamtajia hesabu. Akauliza tunakaa wapi.

Mji wa Machakos uko juu ya bahari kwa takriban mita 1,600. Hewa ya mlimani ni nyepesi, na mwili huongeza damu ili kuifidia. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linaagiza kwamba mkaaji wa nyanda za juu aongezewe mpaka wake. Kwa mwongozo wake wa 2024, anayeishi baina ya mita 1,500 na 1,999 huongezewa gramu 1.1 kwa desilita. Msichana wa umri wa binti yangu aliyeko Mombasa mpaka wake ni 12.0, na aliyeko Machakos ni 13.1. Hesabu ile ile ambayo ingekuwa salama kwa binamu zake wa pwani, kwake ilikuwa ni upungufu wa damu. Kipimo cha akiba ya chuma kilifanywa, kikaonyesha kwamba ghala limebaki tupu. Damu ya mwezi ilikuwa ikimtoka nyingi kuliko alivyokuwa akieleza, kwa kuwa aliona haya, na katika nyumba yetu haya ilikuwa imepewa nafasi isiyo yake.

Mjukuu aliyeliliwa na karatasi alikuwa mzima, na binti aliyenyamaziwa na karatasi alikuwa mgonjwa. Wote wawili walipimwa kwa mizani ya watu wasio wao.

Kuna jambo la tatu ambalo daktari alinitahadharisha nalo, nami nawatahadharisha nyinyi. Kawaida ya watu na afya ya watu ni mambo mawili. Hapa hapa Machakos, mwanzoni mwa miaka ya 1980, watafiti waliwafuata watoto wa shule waliokuwa na kichocho cha tumbo, wakawatibu, wakaangalia nani anaambukizwa tena, na miongoni mwa vitu walivyovihesabu ni chembe za damu ziitwazo eosinofili, ambazo huongezeka mwilini mwenye minyoo. Sasa fikiria mtu angekwenda katika vijiji vya mtoni zama zile, akapima kila mtoto aliyemkuta, akatangaza: “Hii ndiyo kawaida ya damu ya watoto wa Machakos.” Angekuwa ameandika kichocho kuwa ni afya. Vivyo hivyo kwa malaria ya pwani na upungufu wa chuma wa binti zetu. Kwa sababu hii watafiti waaminifu huwachuja watoto kabla ya kuwapima: huuliza maradhi, hupima malaria na virusi, hutazama uzito, na huwaacha wasio wazima. Mizani ya kwetu lazima itoke kwa wazima wa kwetu. Tusije tukajivunia kipimo chetu hali tumekipinda ili kiufuate ugonjwa wetu.

Mwenyezi Mungu ametutajia mizani katika Suratur-Rahman, na akateremsha sura nzima yenye jina la wanaopunja vipimo, Al-Mutaffifin. Tangu utotoni niliifahamu sura hiyo kuwa ni ya wauza nafaka sokoni. Leo naona kwamba mtoto naye hupunjwa akihukumiwa kwa kipimo kisicho chake, na anayempunja huenda akawa baba yake mzazi anayemwita mvivu.

Nini basi cha kufanya? Nitasema machache niliyoyajifunza.

Kwanza, karatasi za vipimo za mtoto zisitupwe. Ziwekeni pamoja na kitabu chake cha kliniki. Hesabu za mtoto alipokuwa mzima ndizo ada yake, na daktari mwenye busara atazirejea kama tunavyoirejea ada ya mwanamke. Ikiwezekana, kipimo kinachorudiwa kirudiwe katika maabara ile ile.

Pili, ulizeni kwa adabu: “Mipaka hii ni ya umri gani? Ni ya mvulana au msichana? Imezingatia mji tunaokaa?” Swali hili si utovu wa heshima.

Tatu, asichukue mtu kisa cha mjukuu wangu akakifanya hoja ya kukaa nyumbani. Mtoto mwenye homa inayorudi, anayekonda, mwenye vidonda vya kinywa visivyopona, anayetokwa na damu au kupata vilio vya damu bila ya kugongwa, au aliyepauka, huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Wa kuamua kwamba herufi ile haina neno ni daktari aliyemwona mtoto. Wala si mimi, wala si jirani.

Nne, watafiti wakibisha hodi, msiwafukuze kama nilivyowafukuzisha, wala msiwakubalie kwa haya. Waulizeni: kamati gani ya maadili imeidhinisha? Mtatoa damu kiasi gani? Itahifadhiwa wapi, na kwa muda gani? Tutaletewa majibu? Tukikataa, huduma ya mtoto itapungua? Wana wajibu wa kuyajibu yote kwa lugha mnayoifahamu, na mzazi ana haki ya kukataa, au kukubali leo na kujitoa kesho. Kijana mkubwa naye aulizwe ridhaa yake. Kuhusu kiasi, mtoto wa kilo kumi ana takriban mililita 800 za damu mwilini. Mililita mbili, yaani chini ya nusu ya kijiko cha chai, si kitu cha kumdhoofisha. Na sharia, kadiri ya elimu yangu ndogo, haimzuii mzazi kukubali jambo lisilomdhuru mtoto na lenye manufaa kwa watoto wa umma, baada ya kuuliza na kuridhika.

Tuliporudi kutoka Nairobi nilifanya mambo mawili. La kwanza, nilimwita binti yangu mbele ya wenzake wa darsa ya Jumamosi, mahali pale pale nilipomkemea, nikamtaka radhi. Aliinamisha kichwa, asiseme neno, lakini mama yake aliniambia kwamba usiku ule alikula vizuri. Ameanza vidonge vya chuma, na hali ya kusinzia imepungua.

La pili, nilimpigia simu mdogo wangu wa Kilifi. Nilimkumbusha swali lake la miaka ile, nikamwambia kwamba nilimjibu bila ya elimu, na nikamwomba awafikishie akina mama wale kwamba sheikh wa Machakos hakukataza kwa sharia, alikataza kwa woga. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema: “Kaka, mimi nilidhani nawe umesoma mahali. Laiti ungeniambia tu kuwa hujui.”

Maneno hayo nimeyaandika kwa mkono, nimeyabandika juu ya kabati la vitabu vyangu, mahali ninapokaa ninapopigiwa simu za maswali.

Ewe Mola, wape watoto wetu siha ya miili na ya dini, wape madaktari wetu ujuzi na huruma, na utupe sisi tunaoulizwa ujasiri wa kusema hatujui pale tusipojua. Amin.

Wabillahi tawfiq.